Alama za kazi ya kikundi hazikai sawa? Anza kukagua hapa

Wiki ya kusahihisha ikifika, simu yangu hujaa ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza: "Mwalimu, fulani hakufanya chochote na amepata sawa na mimi." Wa pili: "Mwalimu, nilifanya, wenzangu ndio wameniangusha." Si ajabu zote mbili kutoka kikundi kimoja, na wakati mwingine ni watu wawili wanaosemana wao kwa wao. Nafundisha kozi za mtandaoni hapa Mombasa. Wanafunzi wangu wametawanyika kutoka Mtwapa hadi Likoni, wengine wako Lamu na Taveta, na tunakutana kwenye kioo cha simu tu. Darasani ningemwona anayetegea. Mtandaoni humwoni mtu, waona nyayo zake, na nyayo hizo hupotosha.

Ndiyo maana siku hizi nakagua kipimo kwanza, mtu baadaye. Mengi niliyowahi kuyaita uvivu yalikuwa makosa ya mipangilio, ya hesabu, au ya swali nililouliza vibaya mwenyewe. Ruka moja kwa moja hadi dalili inayokusumbua.

Dalili: Umempunguzia mmoja alama, zikapungua za wote

Hili ni la dakika mbili. Kwenye Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, zoezi likiwa la kuwasilishwa na kikundi, fomu ya kusahihishia huwa na swali linalouliza kama alama na maoni yaende kwa kikundi kizima. Jibu lake limewekwa "Ndiyo" tangu mwanzo. Ukimwandikia mmoja 51 bila kubadilisha kuwa "Hapana", wenzake wote wanaamka na 51. Badilisha, kisha umrudishie kila mtu yake.

Ukiwa humo humo, tazama kama kuna wanafunzi ambao hukuwapanga popote. Mfumo huwakusanya hao katika kikundi kimoja, watu wasiojuana, na faili ya mmoja ikahesabiwa kuwa ya wote. Kuna mpangilio wa kumzuia mtu kuwasilisha kabla hajawa na kikundi. Uwashe siku ya kwanza.

Dalili: Historia ya hati ina jina moja tu

Unafungua hati ya pamoja ya Google, unaingia kwenye historia ya matoleo, inayoonyesha kila mwandishi kwa rangi yake, na kurasa zote kumi na mbili zina rangi moja. Hapo akili hukimbilia kusema mmoja kawabeba watatu. Huenda ni kweli. Lakini mambo mengine manne hutoa picha ile ile.

Pengine kila mmoja aliandika kwake, mmoja akakusanya na kubandika. Hili hutambulika upesi: maneno mia sita yanaingia kwa mpigo mmoja, hayakui sentensi kwa sentensi wala hayana makosa yaliyofutwa njiani. Pengine kiungo kiliachwa wazi kwa kila mtu, wenzake wakaingia bila akaunti, na mfumo ukawaandika kama watu wasiojulikana. Pengine usiku wa mwisho mtu alitengeneza nakala "safi" ya kuwasilisha. Nakala mpya huanza historia yake upya, kwa hivyo kazi ya wiki tatu imebaki kwenye hati ya zamani usiyoiona. Dai hiyo ya zamani, na uombe ruhusa ya kuhariri, kwa sababu mwenye ruhusa ya kusoma tu haoni historia.

Sababu ya nne ndiyo iliyonifundisha adabu. Muhula mmoja nilimpa alama za chini msichana mmoja wa Mtongwe kwa kuwa jina lake halikuwemo popote. Kesho yake alinipigia simu ya video.

"Shikamoo mwalimu. Samahani kukusumbua, naomba nikuonyeshe kitu."

Akageuza kamera ikatazama meza. Palikuwa na daftari nene, jalada limechanika pembeni, na sehemu ya tatu yote ya ripoti yao imeandikwa humo kwa kalamu ya buluu: maneno yamekatwa na kuandikwa upya, mishale inavuka ukurasa, jedwali la bei za samaki limepigwa rula. Alikuwa akiandika usiku, akipiga picha kila ukurasa, akimtumia mwenzake wa Tudor kwa WhatsApp, na mwenzake anachapa kwa akaunti yake. Simu yake ilikuwa ikiganda kila akifungua hati kubwa. Nikamwuliza mbona hakusema mapema.

"Sikujua kama hiyo historia inahesabiwa, mwalimu."

Kweli hakujua, maana sikuwaambia. Nilichokuwa nimepima ni simu ya nani ina nguvu, nikakipa jina la mchango.

Tangu hapo, wiki ya kwanza nawaeleza ni nyayo zipi zinahesabiwa: picha ya daftari, sauti iliyorekodiwa, maoni pembeni mwa hati, chochote chenye tarehe. Na kila Jumapili jioni kila mmoja anaandika mistari mitatu kwenye mfumo wa kozi: nimefanya nini wiki hii, ushahidi uko wapi, nimekwama wapi. Mistari mitatu haimalizi bando la mtu. Mwisho wa muhula, mistari hiyo hunisaidia kuliko historia yoyote ya hati, kwa sababu iliandikwa kabla ugomvi haujaanza.

Usiombe kuingizwa kwenye kundi lao la WhatsApp, wala usidai mazungumzo yao yote. Humo mna habari za wagonjwa, madeni na wachumba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hapa Kenya inataka ukusanye kile tu unachokihitaji kwa kazi uliyoitaja, na hata bila sheria, mwanafunzi akijua unasoma, atahamia kundi jingine.

Dalili: Kila mtu amempa kila mwenzake tano kati ya tano

Fomu zimejazwa zote, kwa wakati, na hazikwambii kitu. Walimu wengi hufika hapa wakaziacha kabisa fomu za kutathminiana, wakisema wanafunzi wetu si wakweli. Mimi sikubali. Huo ni muhali. Huyo unayemtaka amkosoe ndiye aliyemkopesha nauli juzi, au ni binti wa jirani, au mama zao wako chama kimoja. Umemweka mtu mahali ambapo kusema kweli kunagharimu na kunyamaza ni bure, halafu unashangaa amenyamaza.

Kwanza kagua fomu yenyewe. Majina ya wanaotathmini yanaonekana? Yafiche, na uwaambie kwa maandishi kwamba yamefichwa. Swali linasemaje? "Mwenzako alichangia vizuri?" ni swali la kumhukumu mtu, na mwenye muhali hahukumu. Uliza lililotokea: sehemu aliyoahidi ilifika kabla ya siku mliyokubaliana? Mkimwandikia, alijibu baada ya muda gani? Ni ukurasa upi ambao bila yeye usingekuwepo? Mtu yule yule anayeona haya kuandika "mvivu" ataandika bila shida kwamba sehemu ilifika siku nne baadaye.

Kisha ondoa uwezekano wa kumpa kila mtu kamili. Kikundi kikiwa cha watu wanne, mpe kila mwanafunzi pointi 90 awagawie wenzake watatu, yeye mwenyewe asijipe. Wakiwa sawa machoni pake, kila mmoja anapata 30. Akimwongezea mmoja lazima ampunguzie mwingine, na chini yake aeleze kwa sentensi moja.

Wakigawa 30, 30, 30 wote wanne? Tazama mistari ya Jumapili. Ikilingana, basi walifanya sawa, jambo ambalo hutokea zaidi ya tunavyodhani. Waache, usitafute mchawi.

Jambo la mwisho hapa: wafanyie zoezi la fomu hii katikati ya muhula, lisilo na alama, na kila mmoja uonane naye au umwandikie kwa siri jinsi wenzake walivyomwona. Wengi hujirekebisha hapo. Fomu inayokuja mara moja tu, mwishoni, hufanana na kisasi hata kama si kisasi.

Dalili: Hesabu inatoa majibu ya ajabu

Chukua kikundi cha Mwanaisha, Kazungu, Otieno na Zuhura, majina ya mfano tu. Ripoti yao ina 60 kati ya 100. Pointi 90 za kila mmoja ziligawanywa hivi: Mwanaisha alimpa Kazungu 36, Otieno 32, Zuhura 22. Kazungu alimpa Mwanaisha 38, Otieno 30, Zuhura 22. Otieno alimpa Mwanaisha 38, Kazungu 33, Zuhura 19. Zuhura alimpa Mwanaisha 32, Kazungu 30, Otieno 28.

Jumlisha alichopokea kila mmoja: Mwanaisha 108, Kazungu 99, Otieno 90, Zuhura 63. Gawanya kwa 90, unapata kizidishi cha kila mtu: 1.2, 1.1, 1.0 na 0.7. Ukizidisha moja kwa moja na 60, alama ni 72, 66, 60 na 42. Mimi huona hiyo ni kali mno kwa kipimo kinachotegemea maoni ya watu watatu, kwa hivyo nusu ya alama ya ripoti naiacha ya wote na nusu ya pili ndiyo naizidisha. Hapo kila mmoja ana 30 za uhakika, na mwisho wanapata 66, 63, 60 na 51. Tofauti inaonekana na hakuna aliyechinjwa. Wazo la kizidishi si langu. Chuo Kikuu cha Loughborough kule Uingereza kilitengeneza hata programu ya kazi hii, inaitwa WebPA.

Sasa tatizo lenyewe. Zuhura hakujaza fomu. Ukijumlisha kama kawaida, Mwanaisha anabaki na 76, Kazungu 69, Otieno 62, na Zuhura 63. Soma tena: Zuhura amempita Otieno kwa sababu hakujaza. Yeye bado alihesabiwa na watu watatu, wenzake na wawili tu. Nimeona jedwali la aina hii likipelekwa hivi hivi hadi kwa mkuu wa idara.

Dawa ni kutojumlisha. Chukua wastani wa pointi ambazo kila mtu alipewa na wenzake waliojaza, ugawanye kwa 30. Mwanaisha wastani wake ni 38, Kazungu 34.5, Otieno 31, Zuhura 21. Vizidishi vinakuwa 1.27, 1.15, 1.03 na 0.70. Wastani wa hivyo vinne umepita 1 kidogo, ni kama 1.04, kwa hivyo ukitaka usawa kamili gawanya kila kimoja kwa wastani huo, bila kukata desimali, na utapata 1.22, 1.11, 1.00 na 0.67. Adhabu ya kutojaza, kama ipo, iwe alama yake ya pembeni iliyotangazwa mapema, isijifiche ndani ya hesabu.

Dalili: Watatu wamemshusha mmoja

Hapa usiharakishe. Fomu tatu zinazokubaliana zina uzito, lakini watu watatu wanaoishi mtaa mmoja wanaweza kukubaliana juu ya wa nne kwa sababu zisizohusu kazi: aliingia kozi akiwa amechelewa, yeye ni mtu wa bara na wao hujadili kwa Kimvita cha haraka, au ni mwanamke peke yake na mikutano ilikuwa ya usiku.

Angalia saa za mikutano. Kikundi kimoja kilimlalamikia mwenzao kwamba hatokei kabisa. Mikutano yao yote ilikuwa saa mbili usiku, na ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mwenzao alikuwa kwenye tarawehe. Wawili kati ya waliomlalamikia ni Waislamu pia, ila walikuwa wakiingia mkutanoni kwa simu mfukoni, spika ya sikioni upande mmoja, kisha wakijihesabu wamehudhuria. Hili sitalisemea zaidi.

Kanuni niliyojiwekea: kizidishi kikishuka chini ya 0.7, hesabu inasimama na naongea na mtu kabla sijaandika alama. Namwuliza yeye kwanza, kisha mmoja wa wenzake, na swali langu ni la kazi tu: "Nionyeshe." Aliyefanya huwa na cha kuonyesha, hata kama ni daftari lililochanika.

Dalili: Abiria wanapanda siku ya mwisho

Wasiofanya kitu wakangoja kubebwa na wenzao, wanafunzi wenyewe ndio wanaowaita abiria. Kabla ya kuwatafuta, hesabu watu. Ukipanga vikundi vya wanane ili usahihishe ripoti chache, umewajengea abiria viti.

Mhandisi Mfaransa Maximilien Ringelmann aliwavutisha watu kamba na kupima nguvu zao, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1913. Kadiri watu walivyoongezeka, ndivyo kila mmoja alivyotoa nguvu kidogo. Wanane pamoja walivuta karibu nusu tu ya kile ambacho wangetoa mmoja mmoja ukijumlisha. Sehemu ya upungufu ni kutovuta kwa wakati mmoja, na mabaharia wa majahazi hilo walilijua bila maabara: foromali, mti unaobeba tanga, hupandishwa kwa wimbo, ili mikono yote ishuke pamoja. Sehemu nyingine ni kutegea kwenyewe. Majaribio ya Marekani ya mwaka 1979, ya kupiga makofi na kelele, yaliondoa ile sehemu ya kutokwenda kwa wakati mmoja na bado watu wakatoa kidogo walipodhani wako wengi. Watafiti hao hao walipoendelea, waliona kwamba mtu akijua mchango wake unaonekana, kutegea kunapungua sana.

Kwa hivyo wanne, wasizidi watano. Kila sehemu iwe na jina la mwenyewe kabla ya wiki ya pili, na iwe na tarehe yake ya kufika, wiki mbili kabla ya ile ya kikundi. Abiria akikosa tarehe ya kwanza unamjua angali na muda wa kufanya kitu. Ukimgundua siku ya mwisho, kilichobaki ni kumwadhibu.

Dalili: Kazi imenyooka mno, na hakuna anayeweza kuieleza

Imeandikwa na akili unde (AI), au imenunuliwa, au imeandikwa na binamu aliyemaliza mwaka juzi. Usipoteze usiku na programu za kutambua maandishi ya mashine. Hukosea, na wanaoumia ni wanafunzi walioandika kwa uangalifu. Mpigie kila mmoja simu ya dakika tano. Mwombe aeleze uamuzi mmoja uliomo kwenye sehemu ya mwenzake: kwa nini mlichagua soko la Kongowea na si Marikiti? Namwuliza ya mwenzake makusudi. Aliyekuwa ndani ya kikundi amesikia ubishi. Aliyesoma hati asubuhi hiyo anajua matokeo ila hajui ubishi.

Stima ikipotea katikati ya simu, mpangie muda mwingine bila maswali. Hutokea kweli, na anayeitumia kama kisingizio hana cha kuificha mara ya tatu.

Dalili: Kazi nzuri, kikundi kinasifiwa, na mmoja amechoka kupita wote

Hii ndiyo dalili inayopita bila kuonekana, kwa sababu kila mtu anaamini mchovu ndiye mwenye haki. Mwaka jana mmoja aliniandikia saa nane na robo usiku: "Mwalimu, nimefanya peke yangu sehemu nne zote. Naomba hilo lizingatiwe." Nikafungua historia. Wenzake watatu walikuwa wameandika sehemu zao, kwa wakati, si vibaya. Saa saba usiku alizifuta na kuziandika upya zote. Asubuhi yake mmoja wao aliweka maoni mafupi pembeni: "Yangu iko wapi?" Hakujibiwa.

Kizidishi hakimkamati mtu huyu. Mara nyingi kinampandisha, maana wenzake wanaona aibu kumpa chini mtu aliyekesha. Wala hesabu ya maneno haimkamati. Kinachosaidia ni kutenganisha alama za kuandika na alama za kufanya kazi na wengine, hizi za pili ziwe na maelezo yaliyo wazi: alisoma kazi ya mwenzake, alipendekeza badala ya kufuta, alijibu alipoulizwa. Kijana yule alipata juu sana upande mmoja na chini upande wa pili, na sehemu zilizofutwa nilizisahihisha kutoka kwenye toleo la saa sita usiku, kila mwenye yake akapata yake.

Alikasirika wiki nzima. Muhula uliofuata alijitolea kuwa mhariri wa kikundi chake, nikamkubalia kwa sharti asifute hata mstari, aandike maoni pembeni tu. Akanijibu kwa kikatuni cha uso unaolia, na kufikia Ijumaa alikuwa ameandika maoni arubaini na moja.